Popo hana mti mmoja: niliyojifunza nikiwafuata msituni

Nikimwambia mtu kwamba kazi yangu imekuwa kufuatilia popo, ataniuliza ni pango gani. Mwingine atauliza habari za darini. Ni nadra mtu kutaja mti, ilhali kati ya aina zaidi ya 1,400 za popo zinazojulikana duniani, wataalamu wanakadiria kuwa zaidi ya nusu hujihifadhi kwenye mimea kwa namna moja au nyingine: ndani ya tundu la shina, nyuma ya gome lililobanduka, kwenye ufa wa tawi lililopasuliwa na radi, katikati ya majani, hata ndani ya pingili za mianzi. Ninaowafahamu kwa karibu ni hawa wa mitini, hasa wale wadogo wala wadudu, na mengi nitakayoeleza nimeyapata kwa miguu. Kusoma kulikuja baadaye, kukanisaidia kuelewa nilichokuwa nimeshakiona.

Kazi yenyewe huanza jioni. Unatandaza wavu wa nyuzi nyembamba juu ya kijito au kukatiza njia ya msituni, unakaa gizani, na kila baada ya dakika chache unaukagua ili popo aliyenasa asizidi kujifunga au kuutafuna. Kabla hujamshika popo yeyote unakuwa umeshachanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, na mikononi una glavu. Ukimpata unayemtaka unampima uzito, na hapo ndipo hesabu inapobana. Popo wengi wa aina hii wana gramu saba au nane tu, na kanuni ambayo watafiti wameifuata kwa miaka mingi inasema mzigo usizidi asilimia 5 ya uzito wa mwili. Kwa popo wa gramu saba hiyo ni gramu 0.35. Vipo vifaa vya kurushia mawimbi ya redio vyenye uzito wa chini ya hapo, lakini betri yake ni ndogo mno, hudumu wiki moja hivi, ikizidi sana mbili. Unapunguza manyoya kidogo katikati ya mabega, unapaka gundi, unakibandika, unasubiri ishike, unamwachia. Siku za mbele kitabanduka chenyewe.

Asubuhi inakuwa zamu ya miguu. Unatoka na risiva, yaani kifaa cha kupokea mawimbi hayo, begani na antena mkononi, unaizungusha polepole, unasikiliza mlio mdogo, ti, ti, ti, na kufuata upande unaolia zaidi. Bondeni mlio hugonga ubavu wa kilima na kukurudia kutoka upande usio wake, kwa hiyo unapanda mgongo wa kilima, unasikiliza upya, unashuka tena. Ukikaribia, unapunguza sauti ya risiva na kuzunguka mti mmoja mmoja. Shina ambalo mlio wake unabaki na nguvu ileile kila upande, basi popo yuko juu yako.

Mara nyingi mlio huo ulitupitisha kando ya miti ambayo binadamu angeichagua, minene, ya kijani, yenye kivuli kizito, ukatufikisha kwenye mti mkavu. Mti umekufa umesimama, kilele kimekatika, hauna jani hata moja, uko kwenye uwazi ambapo jua linaupiga tangu asubuhi. Mlinzi wa msitu tuliyekuwa tukiongozana naye, mzee aliyekulia kwenye kazi hiyo, hakushangaa hata kidogo. "Mwanangu, mti ukishakufa ndipo wapangaji wanapoanza kuhamia," aliniambia, akaketi kwenye gogo kusubiri nimalize kuandika.

Mti wa namna hiyo unastahili kutazamwa kwa karibu. Gome limeachana na shina kama kola ya shati iliyolegea, limeshikilia juu, limeachia chini. Ukimulika kutoka chini kwa sekunde chache, na kwa mwanga hafifu, unaona mwanya usiozidi upana wa kidole gumba, na ndani yake manyoya ya kahawia yamebanana, hapa sikio, pale kiwiko cha bawa. Kwenye ukingo wa gome na kwenye nyasi za chini kuna vinyesi vidogo vikavu. Ukivibana vinasagika mara moja na kuacha vumbi linalometameta, ambayo ni mabaki ya mabawa na maganda ya wadudu. Vya panya ni vigumu, havisagiki hivyo. Tulipokuwa hatuna betri wala kifaa, vumbi hilo lilitosha kutuonyesha mti wa kurudia jioni.

Ule wembamba wa mwanya una maana yake. Popo wa nyuma ya gome hutaka tumbo liguse shina na mgongo uguse gome, ili nyoka mnene, kanu au bundi asipate pa kupenyeza kichwa. Tulikuta miti mikavu yenye magome yaliyoachia sana, mianya ambayo mkono mzima unaingia, na ndani hamna kitu. Gome la mti uliokufa juzijuzi nalo halifai, maana bado limeshika. Inabidi wadudu na kuvu wale lile tabaka laini lililo kati ya gome na mbao, gome liinuke, likauke, lijikunje. Misimu michache baadaye linadondoka lote na shina linabaki tupu. Yaani popo hawa wanaishi ndani ya kipindi kimoja kifupi cha kuoza kwa mti, na kipindi hicho kikipita hawana la kufanya ila kuutafuta mti mwingine ulio kwenye hatua hiyohiyo.

Matundu ya ndani ya shina hudumu zaidi. Mengi huanzishwa na kigong'ota, naye kwa kawaida huchagua mti ambao kuvu wameshaulainisha moyo. Ndege akishamaliza kulea, akaondoka, tundu linaendelea kuoza kuelekea juu, na kile chumba cha juu ya mlango ndicho popo wanachokipenda: joto linapanda na kubaki humo, mvua haifiki, na mnyama akiingiza mkono mlangoni anapapasa chini, hapapasi juu. Nimewahi kutazama ndani ya tundu la namna hiyo kwa kamera ndogo ya waya. Sakafuni kulikuwa na tope la kinyesi na manyoya ya ndege ya zamani, na ilibidi kuikunja kamera kwenda juu ndipo nyuso zikaonekana, zimeelekea chini, zimepangana bega kwa bega.

Suala la jua liliniumiza kichwa kwa muda. Kwa nini mnyama wa usiku ajibanze mahali panapopigwa na jua mchana kutwa? Jibu liko kwa majike wanaonyonyesha. Popo mdogo akikosa chakula cha kutosha au akikumbwa na baridi anaweza kulishusha joto la mwili wake, moyo ukapungua mapigo, akabana matumizi ya nguvu hadi jioni. Ni ujanja mzuri kwa dume aliye peke yake. Kwa jike una gharama, kwa sababu mwili ukipoa mimba hukua polepole, na maziwa hupungua. Akipata chumba chenye joto, jua linamfanyia sehemu ya kazi ambayo vinginevyo angeifanya kwa chakula chake mwenyewe, na mtoto, ambaye huzaliwa bila manyoya, anakua haraka.

Nchini Ujerumani, mtafiti wa popo Gerald Kerth na wenzake waliliweka jambo hili kwenye mtihani ambao bado naupenda kwa urahisi wake. Walitundika msituni masanduku ya kulalia popo, meusi na meupe, mengine juani, mengine kivulini, wakatazama majike wa popo wa Bechstein, aina moja ya popo wa misitu ya Ulaya, wanaingia wapi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: kabla ya kuzaa, majike walipendelea masanduku yenye ubaridi, na baada ya kuzaa wakapendelea yenye joto. Msitu uleule, majike walewale, na chaguo limegeuka ndani ya msimu mmoja. Niliposoma hayo nilielewa kwa nini madaftari yetu yalikuwa na madume waliojipachika peke yao kwenye nyufa za chini, penye kivuli, na kwa nini makundi makubwa ya akina mama yalikuwa juu, juani, kwenye miti inayochomoza juu ya mingine. Anayeuliza "popo wanapenda mti gani" inabidi aambiwe kwanza: popo yupi, na mwezi gani.

Gome linalozunguka shina lina faida nyingine ambayo tundu halina. Upande wa jua ukizidi kuwaka, popo anatambaa chini ya gome hadi upande wa kivuli bila kutoka nje. Tulipachika vipimajoto vidogo pande mbili za mti mmoja, na saa za mchana tofauti kati ya upande na upande ilikuwa kubwa kuliko tofauti kati ya miti miwili iliyo jirani. Ni vyumba viwili kwenye nyumba moja ya mbao, na hakuna haja ya kuonekana na mwewe wakati wa kuhama.

Sasa, mtu hawezi kusema popo wanapenda mti mkavu na mrefu kwa kuwa tu amewakuta humo. Pengine eneo zima limejaa miti mikavu na mirefu, na popo wanaingia wowote ulio mbele yao. Ndiyo maana kwa kila mti uliolalwa tulipima na mingine iliyochaguliwa kwa kura: unachomoa namba ya mwelekeo, unachomoa namba ya umbali, unatembea na dira hadi unapofika, hata kama ni katikati ya miiba. Unapima unene wa shina usawa wa kifua, urefu, kiasi cha gome lililobaki, uwazi wa mbingu juu yake, umbali hadi majini, na idadi ya miti mikavu iliyo jirani. Kusema kweli hakuna kazi inayochosha kama kupima kwa makini mti usio na popo. Lakini bila mti huo, ule wenye popo haukuambii kitu.

Na ni safu ile ya mwisho ya daftari, miti mikavu ya jirani, iliyoanza kunifungua macho. Miti iliyolalwa ilikuwa minene na mirefu kuliko ile ya kura, hilo lilitarajiwa. Ila pia karibu kila mara ilikuwa na miti mingine mikavu kuizunguka. Mti mmoja mzuri sana, ulio peke yake katikati ya miti hai, haukuwa na soko. Tafiti za wengine zinasema hivyohivyo: mwaka 2005 Matina Kalcounis-Rüppell na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti nyingi, wakaona kwamba miti inayolalwa na popo ni mirefu na minene kuliko ya kawaida, na husimama mahali penye uwazi juu na miti mikavu mingi.

Kwa nini jirani wawe muhimu kiasi hicho? Unajibiwa asubuhi unapofika chini ya mti wa jana, njia umeshaizoea, na risiva iko kimya. Unazunguka, unapanda kilima, unausikia mlio mbali kidogo. Popo amehama. Kesho kutwa atahama tena, na wiki ijayo huenda ukamkuta kwenye mti wa kwanza. Hata pale ambapo hakuna mtu aliyegusa mti wala kumulika, popo wengi wa mitini hubadilisha mahali pa kulala kila baada ya siku mbili tatu hivi. Wageni wakiona hivyo husema tumewasumbua. Mzee wetu alikuwa na maelezo yake: anayelala mahali pamoja kila siku hujulikana. Alikuwa anamsema bundi, na ana hoja, maana mti wenye kundi kubwa hunuka, una madoa ya mkojo chini ya mlango, na jioni una kelele.

Sababu nyingine ni ndogo kiasi kwamba huwezi kuiona bila kumgeuza popo mkononi na kupuliza manyoya. Kuna nzi wasio na mabawa wanaoishi kwenye manyoya ya popo na kunyonya damu. Jike wa nzi hao hatagi mayai. Hulea buu tumboni hadi likomae, kisha hushuka kwa popo, hulibandika ukutani mwa tundu, na kurudi kwa mwenyeji wake. Buu hujifunga kwenye ganda, na wiki kadhaa baadaye nzi mpya hutoka akitafuta wa kumng'ang'ania. Asipompata, anakufa. Mwaka 2007 Karsten Reckardt na Kerth walionyesha kwamba popo wa Bechstein hukwepa maficho yenye mabuu ya nzi hao. Kwa hiyo tundu zuri la mwezi huu linaweza kuwa baya mwezi ujao, na likarudi kuwa zuri baadaye, hata kama mti wenyewe haujabadilika hata chembe.

Ukiwa na vifaa kwa popo kadhaa kwa pamoja, jambo linakuwa gumu zaidi na tamu zaidi. Hawahami kama kundi moja. Watatu waliolala pamoja leo, kesho wawili wako huku na mmoja kule na wengine, keshokutwa wanakutana tena. Craig Willis na Mark Brigham waliieleza tabia hii mwaka 2004 kwa popo wakubwa wa kahawia wanaolala kwenye matundu ya miti huko Saskatchewan, Kanada: jamii moja imesambaa kwenye miti mingi, inagawanyika na kuungana siku hadi siku. Tangu hapo niliacha kuandika "kundi la mti fulani" kwenye madaftari. Kundi halikuwa la mti. Lilikuwa la kipande cha msitu, na miti ndiyo vyumba vyake.

Kuhesabu jioni kunaonyesha hivyo wazi. Mnagawana miti, kila mtu na wake, mnalala chali mbali kidogo na shina ili mbingu iwe nyuma ya mlango, na kihesabio kiko mkononi. Jua likiwa linazama unasikia minong'ono, kukwaruza, ugomvi mdogo wa nani apite. Kisha pua inachungulia. Wa kwanza anajiachia, anaanguka kidogo kabla ya mabawa kufunguka, na ndiyo maana mlango uliozibwa na matawi chini yake mara nyingi hukosa wapangaji. Baada yake anatoka mmoja, wanatoka watatu kwa mpigo, kimya, mmoja tena. Mkikutana kulinganisha hesabu, mti uliokuwa umejaa jana una wachache leo, na mwenzako aliyekwenda akinung'unika kwenye mti "mtupu" anarudi anacheka.

Popo ana sauti ya mwangwi inayomwezesha kumkamata mbu gizani, ndiyo maana wengi hudhani kuona tundu kwenye shina ni kazi rahisi kwake. Siyo. Gome lenye mabonde na mikwaruzo hurudisha mwangwi mwingi wa ovyo, na mlango mdogo hupotea humo. Ireneusz Ruczyński na wenzake walifanya majaribio na popo wa msituni wa Ulaya, wakayachapisha mwaka 2007: popo anayeruka alipata shida kuugundua mlango, anayetambaa kwenye shina alifanikiwa zaidi, na kilichowasaidia kwa mbali kuliko joto au harufu kilikuwa sauti za popo wengine waliomo ndani. Nikaanza kuangalia kwa jicho jingine lile zunguka-zunguka lao la alfajiri. Kabla ya kuingia kulala huruka mbele ya mti, wanaukaribia na kuuacha, tena na tena, wakipiga kelele. Anayepita anapata habari bila kuuliza. Mti mpya ni ghali kuutafuta, na wenzako ndio ramani.

Nikiwaeleza watu haya, kuna ambao husema basi popo wa majani wana raha, majani yamejaa tele. Kwa baadhi ni kweli. Kwa wengine ndio wenye shida kuliko wote. Yuko popo mdogo wa Afrika, gramu tatu au nne, anayejipenyeza ndani ya jani changa la mgomba lililojiviringisha. Jani likifunguka, na hufunguka ndani ya siku chache, nyumba imekwisha. Huko Amerika ya Kati na Kusini kuna mwenzake mwenye visahani vya kunyonya kwenye vidole gumba na miguuni, anayenata kwenye utelezi wa ndani ya jani na kulala kichwa juu, kinyume na popo karibu wote. Jani lake linafaa kwa takribani siku moja tu. Gloriana Chaverri, aliyewachunguza nchini Costa Rica, ameonyesha jinsi wanavyomudu kubaki pamoja: anayeruka hutoa mlio wa kuuliza, aliyekwisha kupata jani hujibu akiwa ndani, na wa nje anafuata jibu. Na huko Borneo yuko popo anayelala ndani ya mmea unaotega wadudu. Mmea una ukuta unaorudisha mwangwi wa popo vizuri, popo analipa kodi ya pango kwa kinyesi, na mmea unapata rutuba. Huyo sijawahi kumwona, na namwonea wivu aliyemwona.

Popo wakubwa wala matunda ni habari nyingine kabisa. Wao hutundikika nje matawini, mchana kweupe, na wanachotafuta ni miti mirefu iliyo pamoja, upepo wa kupunga joto, na chakula kinachofikika usiku. Katika Hifadhi ya Kasanka, Zambia, mamilioni yao hukusanyika kati ya Oktoba na Desemba kwenye kipande kidogo cha msitu wa kinamasi, hadi matawi yanavunjika kwa uzito.

Kwa hawa wadogo, habari yote inarudi kwenye mti mkavu, na mti mkavu hauna wakili. Wasimamizi wa misitu huuita uchafu, hatari kwa wapitanjia, makazi ya wadudu waharibifu, au kuni. Kuhusu wapitanjia wana haki: mti uliooza kando ya njia inayotumiwa na watu ni lazima ushughulikiwe, ingawa mara nyingine kupunguza kilele kunatosha na shina likabaki. Ninachobishana nao ni kusafisha msitu mzima. Nimekaa kwenye vikao ambapo tuliahidiwa kwamba "ule mti wa popo" utawekewa uzio na kulindwa, na mingine ikatwe. Ukweli ni kwamba huo mmoja, baada ya majirani kwisha, hukosa wakazi, na unapoanguka wenyewe hakuna pa kwenda.

Kuna wanaopendekeza masanduku. Yanasaidia mahali ambapo msitu ni mchanga na hauna matundu, na watafiti wameyatumia kujifunza mengi, kama nilivyosimulia. Lakini si kila aina huyakubali, mengi huwaka mno juani kwa kuwa mbao zake ni nyembamba kuliko ukuta wa shina, na yanahitaji mtu wa kuyakagua na kuyakarabati mwaka hadi mwaka. Mti haudai fundi.

Kwa hiyo nikiulizwa mti upi uachwe, huwa nauliza kwanza mingapi mikavu imesimama, mingapi inaelekea kufa, na mingapi ni mikubwa, hai, lakini ina jeraha la radi au tundu la kigong'ota lililoanza kuoza. Hiyo ya kundi la mwisho ndiyo ninayoipigania zaidi, kwa sababu shina nene la kulalia popo miaka 20 ijayo lazima liwe limeshasimama leo. Bahati mbaya ndilo wakataji wanalolitia alama ya rangi mapema, maana limepinda, lina donda, na halitatoa mbao nzuri.